Namba tasa korofi: anza na 7 kabla hujaigusa 37

Usikimbilie programu. Kalamu, daftari na kikokotoo cha simu ya batani vinatosha, hata ukiwa umekaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, unasubiri mzigo wa dagaa upakiwe.

Namba tasa p ni korofi ikiwa inagawa kiasi (namba ya juu ya sehemu) cha mojawapo ya namba za Bernoulli B2, B4 hadi B(p−3); hizi ni mfuatano wa sehemu zinazojitokeza kwenye fomula za kujumlisha vipeo. Zile zisizo korofi ndizo mwanahisabati Mjerumani Kummer alizozimudu alipothibitisha, kwa vipeo hivyo, dai la Fermat kwamba xᵖ + yᵖ = zᵖ haina jibu la namba nzima chanya p ikizidi 2. Mpaka wa p−3 ndio unaoponza wageni. B10 ni 5/66; mtu akiona 5 juu, anaitangaza korofi. Wapi! Kwa 5 tunaishia B2, yaani 1/6.

Kukokotoa B zenyewe kunachosha: kiasi cha B32 kina tarakimu 13. Chukua njia hii, kuanzia p = 5. Pandisha kila namba, 1 hadi p−1, kwenye kipeo n, jumlisha, gawa kwa p². Baki likiwa 0 kwa n shufwa yoyote kati ya 2 na p−3, umeikamata.

Jaribu 7. Kwa n = 2: 1+4+9+16+25+36 = 91; gawa kwa 49, baki 42. Kwa n = 4 jumla ni 2,275, baki 21. Hakuna sifuri, 7 imepona. Ukigawa kwa 7 badala ya 49, zote mbili zinatoa 0, na kila namba tasa itaonekana korofi. Wala usijumlishe nusu ya kwanza kisha ukazidisha kwa 2: 1+4+9 mara mbili ni 28, si 42.

Sasa 37, n = 32. Zidisha namba kwa yenyewe, kisha jibu kwa lenyewe, mara 5 mfululizo, kila mara ukigawa kwa 1,369 na kubakiza baki tu. Mstari wa 2 unakwenda 4, 16, 256, 1,193, 858. Hakuna zao litakalozidi 1,871,424, kwa hiyo kioo hakijai. Mistari ni 36, na kukosea ni rahisi mno. Basi linganisha mistari miwili miwili inayotimiza 37: mstari wa 35 unaishia 821, na 858 na 821 zote zikigawanywa kwa 37 zinabakiza 7. Jozi isiyolingana ndiyo yenye kosa. Rudia hiyo tu. Jumla kuu lazima igawike kwa 1,369 bila baki.

Ukitaka nyingine, 59 hunaswa kwenye n = 44, na 67 kwenye 58.