Usipakie mzigo bila kujua unaenda wapi

Agosti 2022 nilimpigia kura William Ruto, tena bila kuficha. Wilbaro, alama ya chama chake, ilikuwa yetu sisi wa kujitafutia. Kazi yangu ni kupeleka vijana wa kupakia makontena kwenye maghala ya chai Shimanzi, hapa Mombasa. Siasa za nje niliwaachia mabalozi na wenye suti.

Siku hizi nashauri vingine, na ushauri wenyewe nimeulipia.

Januari 2025 nilikopa sako, chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua foklifti ya mitumba ya kunyanyulia mizigo. Hesabu ilikaa sawa, kwa sababu mteja wangu mkubwa alikuwa akipeleka chai Sudan. Wasudani kwa chai huwawezi: Khartoum, kabla ya vita, akina mama walikuwa wakichemsha chai kando ya kila barabara. Februari, wanamgambo wa RSF, waliokuwa wakipigana na jeshi la Sudan tangu Aprili 2023, wakakutana na washirika wao Nairobi, pale ukumbi wa KICC, kupanga serikali yao. Wakubwa wetu wakasema Kenya inatoa jukwaa la amani tu. Serikali ya Sudan haikulimeza hilo. Ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya.

Habari zilitukuta tukipiga chapa magunia. Kijana alikuwa ameshika brashi, PORT SUDAN imeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zimenyooka. "Tuendelee, bosi?" Sikuwa na jibu. Magunia yalikaa kwenye paleti wiki kadhaa, na chai haipendi unyevunyevu wa pwani. Mwishowe mteja akauza kwa mtu mwingine kwa bei ya chini, vijana wakapaka rangi juu ya yale maandishi. Ukisogea karibu, bado yalisomeka. Mimi nililipwa nusu, na sako haijui nusu.

Dalili nilikuwa nimeziona. Septemba 2022, siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais aliandika Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahrawi, yaani Sahara Magharibi inayodaiwa na Moroko, kuwa nchi, kisha ujumbe ukafutwa. Nilicheka. Januari 2024 alimkaribisha Ikulu Hemedti, kiongozi wa RSF, na pale maskani mtetezi wake nilikuwa mimi. Dereva mmoja wa trela akaniuliza, "Na yule jenerali mwingine, wa jeshi la Sudan, akinuna, chai yetu ataimeza nani?" Nikamwambia ana wivu.

Kwa hiyo wewe uliye mwisho wa mnyororo, mpakiaji, dereva, muuza paleti, uliza mzigo unaenda nchi gani. Ukishajua, fuatilia habari za nchi ile kama unavyofuatilia bei ya dizeli. Mimi sasa soko moja halichukui zaidi ya theluthi ya vijana wangu, na pesa ya vibarua naidai kabla kontena halijapigwa sili. Wateja wawili walikimbia kwa sababu hiyo. Waende salama. Mkopo nao, piga hesabu ukimtoa mteja wako mkubwa kabisa. Ukiona rejesho linakushinda, usitie sahihi.

Kuhusu kiongozi mwenyewe, sijahamia kwa wanaomtukana kutwa. Mbolea ya ruzuku ilimfaa mjomba wangu kule Trans Nzoia, na hilo silikani. Pia najua foklifti yangu ni kitu kidogo mbele ya watu waliokimbia makwao kwa vita kule Darfur, Sudan. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: nilimtetea mtu kwa jambo ambalo sikuwahi hata kulisoma. Ukimpenda mwanasiasa mpende, lakini akikaribisha mgeni mwenye bunduki, uliza jirani gani amekasirika na anatununulia nini. Mgombea yeyote atakayefika Shimanzi 2027 nitamuuliza hilo kwanza, barabara na maji baadaye.

Yule dereva nilimwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaagiza chai mbili na mahamri, akasema bili ni yangu.