Mke na mume Mjini: maswali yenu kuhusu chakula na taarab

Maswali mengi safari hii yametoka kwa wanandoa na wachumba wanaotaka kuja Unguja mwisho wa wiki, wale vizuri na wasikilize muziki. Nimechagua yanayowagusa wengi. Ninalotaka mlishike ni moja: Mji huu unakula na unaimba kwa saa zake. Anayezifuata hizo saa hufaidi kuliko anayekuja na orodha ndefu ya mahali pa kwenda.

Mimi na mume wangu tutashuka kwenye boti Ijumaa kama saa sita mchana, tunarudi Dar es Salaam Jumapili jioni. Tuanze kula wapi? — Msomaji, Morogoro

Dada, saa sita ya Ijumaa watu wanaelekea msikitini na maduka mengi yanafungwa kwa muda. Wekeni mizigo, ogeni, pumzikeni. Watu wakishatoka sala ndipo nanyi mtoke, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya pilau na biriani, majumbani na mikahawani. Nendeni Mkunazini kwa Lukmaan, pale penye mbuyu. Vyakula vimepangwa mbele yenu, mnaonyesha mnachotaka mnapakuliwa. Mmoja achukue wali na mchuzi wa pweza wa nazi, mwengine biriani, mle kwa kugawana.

Lakini msishibe sana, maana alasiri ni ya urojo, na urojo haupendi tumbo lililojaa. Mtafuteni muuzaji wa mtaani mwenye foleni ya watoto wa skuli na akina mama waliotoka kazini. Mwangalieni anavyofanya. Anavunja bajia ndani ya bakuli, anakata kachori na kiazi kilichochemshwa, anachomoa nyama za mshikaki, kisha anateka ule uji mwepesi wa manjano, mkali kwa embe mbichi na ndimu, anaumwagia juu. Chatini ya nazi inafuata, pilipili kwa kadiri mnavyotaka, na mwisho kabisa chipsi za muhogo. Kuleni hapo hapo, chipsi zikiwa bado zinalia mdomoni. Ukiubeba urojo kwenda nao chumbani umeshauharibu.

Jumamosi asubuhi msikubali mkate na jemu za nyumba ya wageni ikiwa mna nguvu ya kutembea. Chai ya maziwa, chapati na mbaazi za nazi zipo kila mtaa, na mnaweza kumalizia kwa kuzunguka soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, kabla jua halijawa kali.

Nimeambiwa Forodhani siku hizi ni ya watalii tu, bei juu na samaki wa jana. Twende au tuache? — Msomaji, Tanga

Nendeni. Naipenda Forodhani na sitaki mtu aikose kwa maneno ya kusikia. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na mpaka leo familia za hapa mjini zinakwenda mwisho wa wiki na watoto wao. Fikeni kabla ya magharibi muwaone vijana wanavyopiga makachu, wanaruka kutoka ukutani hadi baharini kwa mitindo yao. Jua likizama, taa za meza zinawashwa.

Sasa, usalama wa tumbo na wa mfuko. Zile meza zilizopangwa mishikaki mirefu ya kamba na ngisi tayari imepikwa, zinapendeza kwa macho, lakini vitu vile vimechomwa mapema na vitapashwa moto tu. Mimi huzipita. Tafuteni jiko ambalo nyama inawekwa mbichi kwenye makaa mbele yenu. Mishikaki ya ng'ombe ndiyo wenyeji wanayonunua zaidi, pamoja na mkate wa ufuta unaotoka jikoni moto. Pizza ya Zanzibar nayo hupikwa papo hapo: donge la unga linatandazwa jembamba, linatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, linakunjwa na kukaangwa. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, kwa kila kitu, hata juisi ya miwa. Kuuliza bei si utovu wa adabu na hakuna atakayekununieni.

Mke wangu amelelewa na taarab ya redioni. Ninataka asikilize ile ya asili, ya ala za nyuzi kama kanuni na udi, si ya spika kubwa. Naipata wapi kwa siku mbili? — Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, swali lako limenifurahisha.

Taarab ya hapa ilianza kama muziki wa jumba la Sultani, ikiimbwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905 na kipo hadi leo. Aliyeutoa muziki huu ukumbini kwa wakubwa na kuufikisha kwa watu wa kawaida, kwa Kiswahili, ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake kwenye santuri. Nakukumbusha haya kwa sababu mkikaa kusikiliza mtakuwa mmekaa mbele ya kitu chenye zaidi ya miaka mia, na kinastahili muda wenu wote wa usiku ule.

Culture Musical Club, iliyoundwa mwaka 1958, ina jengo lake Vuga. Piteni hapo mchana mapema, muulize kwa adabu kama kuna mazoezi usiku na kama mnaweza kukaa. Kwangu mazoezi yanazidi maonyesho: wanasimamisha wimbo, wanarudia ubeti, mwenye fidla anabishana na mwenye akodiani, na unaona wimbo unavyojengwa. Ulizeni pia kuhusu Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Walimu na wanafunzi wake wanapiga muziki sehemu mbalimbali za mjini, na vijana wengi wanaoshika udi na kanuni leo wamepita pale.

Mkipata nafasi ya kukaa karibu, mtazameni mpiga kanuni. Amevaa pete kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili, na ndani ya kila pete kumebanwa kijiti kidogo cha kudonolea nyuzi. Nyuzi zenyewe ni zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa sauti moja. Mkono wa kushoto ukiziacha nyuzi kidogo tu ujue anageuza vile vyuma vidogo vya pembeni kupandisha au kushusha sauti, na wimbo unaendelea bila kukatika.

Na kama mtasikia kidumbak mtaani, kwenye harusi, simameni. Fidla moja, ngoma mbili ndogo, vijiti na besi iliyotengenezwa kwa sanduku. Ni ndugu wa taarab, ila yeye hakai kitini, na maneno yake ni makali zaidi.

Nina ombi moja. Hoteli nyingi zinaweka wanamuziki kwenye kona ili wageni wale huku wakipiga. Kama mmewakuta hapo, wekeni uma chini wimbo mmoja mmoja, geukeni, wapigieni makofi na muwape chochote. Inauma kuona mtu aliyejifunza udi kwa miaka anapiga na hakuna hata jicho moja linalomtazama.

Tumeoana karibuni. Tunaweza kushikana mikono njiani? Na tuvae nini? — Msomaji, Dodoma

Mikono shikaneni. Kukumbatiana na kubusiana kuacheni chumbani. Mabega na magoti yafunikwe mkiwa mitaani, mwanamke na mwanamume. Kwenye baraza za kahawa utakuta wanaume peke yao wanacheza bao na dhumna, lakini mke akiketi na mumewe, akatoa salamu, ataletewa kikombe chake na kashata yake.

Likizo yetu inaangukia Ramadhani. Tughairi? — Msomaji, Arusha

Kwa chakula, msighairi. Mchana hamtakula hadharani na mikahawa mingi imefungwa, lakini usiku baada ya futari Mji mzima uko nje. Kwa muziki, ndiyo, sogezeni tarehe, kwa sababu taarab hunyamaza mwezi wote na kurudi kwa nguvu sikukuu ya Idi. Mnaopenda umati na muziki wa Afrika nzima, tamasha la Sauti za Busara lipo tangu 2004, kwa kawaida mwezi wa Februari, ndani ya Ngome Kongwe. Vyumba vitafuteni mapema sana.

Sisi ni wa Wete. Tunatimiza miaka ishirini ya ndoa na nataka kumwombea mke wangu wimbo taarabuni. Nafanyaje? — Msomaji, Pemba

Hongera, mzee wangu, na mke wako mpe salamu zangu. Mtafute kiongozi wa kikundi kabla muziki haujaanza, umwambie mna nini na unataka wimbo wa namna gani. Chagua wimbo wa kushukuru. Nyimbo nyingi za mapenzi zina fumbo la kusutana ndani yake, na watu ukumbini watalielewa haraka kuliko wewe. Wimbo ukifika, msikae. Inukeni wote wawili, mwendo wa taratibu mkifuata mdundo, mpaka kwa mwimbaji, umtunze mkononi na yeye mkeo amtunze. Badili fedha mapema upate noti ndogo ndogo, maana ubeti ukiwa mtamu mtataka kwenda tena.