Maswali ya Wasomaji: Nifuate Jicho la Mkuu Wangu au Hesabu Zangu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni binti, mhandisi mhitimu wa ujenzi, na huu ni mwaka wangu wa 2 kazini hapa Mwanza. Mkuu wangu, mzee mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30, huutazama mchoro kwa dakika moja akatoa uamuzi bila kushika kalamu. Mwezi uliopita aliniambia kwamba boriti yangu ya mita 6 ina nondo chache mno, ingawa kompyuta ilikuwa imeikubali, na baada ya siku mbili nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu. Sasa ameagiza boriti ya ukumbi, yenye urefu wa mita 9, ipunguzwe kina, yaani kimo chake kutoka juu hadi chini, kwa kuwa anaona inatosha, lakini hesabu zangu zinakataa. Je, mtu asiye na jicho kama lake ana nafasi katika usanifu wa majengo, na katika jambo hili nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ile boriti ya mita 6, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jicho la mzee limetengenezwa na nini. Tuseme ilibeba mzigo wa kilonyutoni 20 (uzito wa takriban tani 2) kwa kila mita, na ncha zake zilikaa tu juu ya kuta za matofali. Ukizidisha mzigo huo kwa urefu mara urefu, kisha ukagawanya kwa 8, unapata momenti, yaani nguvu inayoipinda boriti, ya kilonyutoni-mita 90 pale katikati. Lakini ukiieleza programu kwamba ncha zote mbili zimeshikwa kabisa zisizunguke, itakupa 30 tu katikati, yaani theluthi, na nondo za chini zitapungua kwa kadiri hiyohiyo bila onyo lolote, kwa kuwa kompyuta imejibu kwa usahihi swali ambalo hukukusudia kuliuliza. Sijui kama hilo ndilo lililokuwa kosa lako, ila nimeliona kwa vijana wengi. Mzee ameigawanya hesabu hii kwa 8 mara nyingi mno hata haisikii tena ikipita kichwani, na hicho ndicho unachokiita jicho. Nawe utalipata kwa njia ileile. Kabla ya kufungua programu, andika daftarini makisio yako ya momenti, ya kina na ya nondo, kisha ulinganishe, na pale mnapopishana wewe na mashine usilale hadi ujue nani kakosea.

Wapo waliolala. Agosti 23, 1991, jukwaa la zege la kuchimbia gesi, Sleipner A, lilizama karibu na Stavanger, Norway, lilipokuwa likishushwa majini kwa majaribio. Programu ya kompyuta ilikuwa imepunguza makadirio ya nguvu ya kukata, yaani ile inayotaka kukata zege kama mkasi, katika kuta zake kwa asilimia 47, kwa kuwa muundo uligawanywa katika vipande visivyofaa, na kuta zikajengwa nyembamba kupita kiasi. Hesabu makini zaidi zilizofanywa baada ya ajali zilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62; ulivunjika kwenye mita 65. Watu wote waliokolewa, nashukuru kuliandika hilo, lakini kazi yote ilikwenda chini ya maji.

Hata hivyo sitaki utoke hapa ukidhani jicho linatosha. Theodore Cooper alikuwa miongoni mwa wahandisi wa madaraja walioheshimiwa sana Marekani aliposimamia usanifu wa daraja la Quebec, Canada. Nafasi kati ya nguzo kuu iliongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wa daraja haukukokotolewa upya ipasavyo; ilipobainika kwamba daraja ni zito kuliko ilivyodhaniwa, sehemu kubwa ya vyuma ilikuwa tayari, naye akaona hali hiyo inakubalika. Agosti 29, 1907, daraja lilianguka na wafanyakazi 75 wakafa. Uzoefu wa Cooper ulikuwa wa kweli, ila haukutokana na daraja la ukubwa ule.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na mitazamo tofauti kuhusu hisi za wataalamu, mwaka 2009 walichapisha pamoja hoja ninayoiona kuwa na maana kubwa kwetu: hisi huaminika pale ambapo mambo hufuata utaratibu, na mtu amepata nafasi ya kujifunza kwa kuona matokeo ya maamuzi yake. Basi fikiria mzee wako ameonyeshwa nini na kazi yake. Zege likiwa na maji mengi, huliona siku hiyohiyo. Mbao za kuzuia zege zikiwa dhaifu, hupinda mbele ya macho yake. Katika mambo hayo mwamini kuliko unavyojiamini. Nguvu ya boriti, kwa upande mwingine, haitoi jibu upesi. Katika kanuni za Uingereza za usanifu wa zege, BS 8110, zilizotumika sana kwetu, mzigo wa kudumu (uzito wa jengo lenyewe) huzidishwa kwa 1.4 na wa matumizi (watu na vitu) kwa 1.6 ili kuweka akiba ya usalama, kwa hiyo boriti iliyokosewa yaweza kusimama miaka mingi huku ikimsadikisha mwenye kosa kwamba alipatia.

Kwa hiyo, boriti ya mita 9 isipunguzwe kwa jicho. Kama ncha zake zimekaa huru, kanuni hizo zinakuanzishia kwenye urefu uliogawanywa kwa 20, yaani kina faafu (kutoka uso wa juu wa zege hadi katikati ya nondo za chini) cha milimita 450, kabla ya marekebisho yanayotegemea nondo. Kokotoa kwa mkono katika ukurasa mmoja, weka tarehe na sahihi, umpelekee mkuu wako kwa heshima na umwombe aandike anapopinga. Akishikilia bila hesabu, omba mhandisi mwingine aliyesajiliwa aikague kabla zege halijamwagwa. Na mkiwa mmekaa naye, muulize boriti ngapi za mita 9 amezisimamia mwenyewe, zilibeba mzigo gani, na ni ngapi kati ya hizo alirudi kuzipima baada ya watu kuhamia.