Kamera haishiki fokasi kwenye darubini ya kioo: jibu refu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu, kamera yako ni nzima, usiipeleke kwa fundi. Umesema darubini ni ya kioo, kipenyo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650. Ukitazama kwa jicho mwezi unauona safi na mashimo yake yote, lakini ukifunga Canon yako kila kitu kinakuwa ukungu na nyota zinatoka kama pete. Halafu ukaongeza jambo moja dogo mwishoni: fokasa (kile kibomba kinachosogeza lenzi au kamera ndani na nje) umeizungusha kwenda ndani mpaka ikagoma, na picha ilikuwa bado inazidi kuwa nzuri ilipogoma. Jibu liko hapo.

Kioo kikuu kinakusanya mwanga na kuuleta mahali pamoja, ndiyo fokasi, na kihisi cha kamera (kile kibamba kinachopokea picha) lazima kikae mahali hapo hapo. Kwenye DSLR za Canon, yaani kamera zenye kioo ndani, kihisi kimezama milimita 44 ndani kutoka mdomo wa kamera, kwenye Nikon ni 46.5, maana katikati kuna kioo kinachonyanyuka kila unapopiga. Ukiongeza ringi ya adapta inayofunga kamera kwenye darubini, umbali huo unafika 55. Darubini nyingi za bei ya kuanzia zimetengenezwa kwa macho tu, hivyo mwanga unakutana karibu sana na mdomo wa fokasa. Kihisi chako kiko nyuma ya hapo, na fokasa haina tena nafasi ya kukisogeza ndani.

Kabla hujatoa hela yoyote, pima. Subiri usiku wenye mwezi, toa lenzi ya kutazamia, ingiza fokasa ndani mpaka mwisho, kisha shika karatasi nyeupe nyembamba nyuma ya mdomo wake na uisogeze polepole. Utauona mwezi mdogo, upana wake kama milimita 6, umejichora kwenye karatasi. Pale unapokuwa mkali kabisa, weka rula kutoka mdomo wa fokasa hadi kwenye karatasi. Kamera inahitaji zile 55 pamoja na milimita chache za bega la adapta, tuseme 60. Ukipata 40, unapungukiwa na 20, na sasa unajua unatafuta nini. Jaribio hili usilifanye kwa jua hata kidogo. Mwanga wa jua uliokusanywa na kioo cha milimita 130 unachoma karatasi, na jicho haliponi.

Dukani watakuambia ununue lenzi ya Barlow, ile ya kukuzia inayowekwa mbele ya kamera. Inafanya kazi kweli, kwa sababu inasukuma fokasi nje zaidi. Lakini Barlow ya mara 2 inageuza 650 yako kuwa 1300, na f/5 (yaani 650 gawanya kwa 130) kuwa f/10, kwa hiyo kila picha itataka muda mara nne. Kwa mwezi, Mshtarii na Zohali ni sawa kabisa, hata ni faida. Kwa nebula ya Orioni au ile ya Karina, mawingu ya gesi angani yaliyo mapana na hafifu, utaumia, hasa kama stendi yako haifuati nyota vizuri.

Mimi ningepandisha kioo kikuu. Kile kioo kimeshikwa kwenye kitako chake kwa skrubu, na kitako kimefungwa kwenye bomba. Ukiweka bolti ndefu zaidi, au ukatoboa matundu mapya kwenye bomba milimita 20 mbele, fokasi nayo inatoka nje kwa milimita 20 hizo hizo. Gharama yake ni bolti na jioni moja ya utulivu. Toa kioo kwanza kabla ya kutoboa chochote, vumbi la chuma likidondokea juu yake umekiharibu. Ukimaliza itabidi upange vioo upya: nyota iliyotolewa kwenye fokasi makusudi ionyeshe pete ambayo kivuli chake kiko katikati kabisa. Ubaya wa njia hii ni kwamba kile kioo kidogo cha mshazari, kinachogeuza mwanga kuelekea kwenye fokasa, sasa kinakutana na mwanga ukiwa bado mpana, hivyo pembe za picha zinaweza kuwa na giza kidogo. Kwa milimita 20 utavumilia.

Kuna watakaokushauri ununue kamera isiyo na kioo cha ndani. Kweli, kwa Sony E kihisi kiko milimita 18 tu kutoka mdomoni, Nikon Z 16, Canon RF 20. Ila angalia adapta: ringi nyingi za kamera hizo zimerefushwa makusudi ili zirudishe ile 55. Ukinunua ya namna hiyo utakuwa umebadilisha kamera na tatizo likabaki pale pale.

Haya, tuseme kihisi sasa kinafika kwenye fokasi. Sasa ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaridhika mapema. Kwa f/5, nafasi ambayo kihisi kinaweza kukaa na nyota bado ikawa kali ni takriban mikroni 67 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Huo ni unene wa unywele. Hakuna jicho linaloweza kuhukumu hilo kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera, kwa hiyo kiache. Zima fokasi ya otomatiki, washa picha hai (Live View) kwenye skrini, kuza mara 10, elekeza kwenye nyota angavu, kisha zungusha mpaka nyota iwe ndogo kuliko ilivyowahi kuwa. Nyota hafifu za pembeni zikianza kujitokeza zenyewe, umekaribia.

Chagua nyota iliyo juu. Zilizo karibu na upeo wa macho zinacheza mno kwa sababu ya hewa. Na ogopa nyota pacha: Alfa Kentauri inavutia kwa mng'ao wake, lakini ni nyota mbili zinazotengana vizuri hata kwa darubini ndogo, na itakuchanganya. Canopus au Sirius miezi ya mwanzo wa mwaka, Arcturus kuanzia Mei, hizo hazina usumbufu.

Kisha tumia barakoa ya Bahtinov. Iliyobuniwa na Pavel Bahtinov wa Urusi mwaka 2005 ni kipande bapa chenye mifereji, kinachowekwa mdomoni mwa darubini. Nusu moja mifereji imenyooka, nusu nyingine imegawanywa mara mbili na kuinamishwa pande tofauti. Nyota inageuka kuwa X yenye mstari wa tatu. Mstari huo unahama kushoto na kulia unavyozungusha fokasa, na ukipita katikati kabisa ya X, umemaliza. Naipenda kwa sababu inaondoa ubishi: si suala la kuona vizuri au vibaya, ni mstari uko katikati au hauko. Kwa 650 yako, mfereji wa milimita 2 na ukingo wa milimita 2 unatosha. Kadi nyeusi ngumu na wembe vinafanya kazi, au mpe mchoro fundi wa mabango mwenye mashine ya leza. Usisahau kuiondoa kabla ya kuanza kupiga.

Fokasa za bei nafuu zina mlegeo, na kamera ni nzito. Malizia kila mara kwa kuzungusha upande ule ule, ule unaoinua kamera dhidi ya uzito wake. Kaza skrubu ya kufunga, halafu tazama tena ule mstari, kwa sababu kukaza kwenyewe kunausogeza. Watu wanaruka hatua hii, kisha wanashangaa asubuhi. Ukisharidhika zima skrini. Ikikaa wazi kihisi kinapata joto na picha zinajaa chenga.

Usidhani umemaliza kwa usiku mzima. Sisi wa Dodoma, Juni hadi Agosti ndio msimu wenyewe, anga kavu na kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita juu sana, lakini baridi inashuka haraka baada ya jua kuzama. Aluminiamu hufupika mikroni 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto, chuma kama nusu ya hapo. Bomba la aluminiamu la sentimita 60 likipoa nyuzi 5 tu limefupika mikroni 69, yaani umemaliza nafasi yote uliyokuwa nayo. Toa darubini nje saa nzima kabla, na rudisha barakoa kila baada ya saa moja, mara nyingi zaidi mwanzoni mwa usiku. Wakuu wa Tanga, Mombasa na Unguja nyinyi joto halishuki sana, ila umande unatua kwenye vioo na nyota zinavimba taratibu kama vile fokasi imepotea. Mulika kioo kwa pembeni na tochi hafifu kabla ya kugusa fokasa.

Kipimo cha karatasi ukikipata kiweke hapa pamoja na picha ya kitako cha kioo, nikuambie bolti za urefu gani zitatosha.