Mi shida yangu sio serikali, shida ni nani kakaa pembeni nikiulizwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kwenye daladala na nimeshindwa kulipita hivihivi. Mmeuliza: "Mdadisi wa serikali akibisha hodi kuuliza kaya yako inaingiza nini na inatumia nini, utamwambia ukweli wote?" Nimeona wenzangu wengi mnaogopa kodi, wengine mnasema mtajidai hamna kitu ili muingizwe TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini (TASAF wana utaratibu wao jamani, majina yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, sio huyu mtu wa takwimu). Mi hofu hiyo sina kabisa. Sheria ya takwimu inamkataza mdadisi kutoa taarifa za mtu mmojammoja, anakula kiapo kabisa, na kwakweli sijawahi kuona mtu kapandishiwa kodi kwasababu alisema anakula samaki mara tatu kwa wiki.

Kwangu mimi cha kuuliza ni kingine. Ukweli wa nyumba anao nani, na wakati anaulizwa nani mwingine anasikiliza?

Nimekulia Tanga mjini, Makorora. Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili, na mtaa wetu ukaangukiwa na ule Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ulioanza Oktoba 2011 ukaenda mwaka mzima. Ulichukua kaya kama elfu kumi Tanzania Bara nzima na mojawapo ikawa ya kwetu. Baba alikuwa fundi seremala, mama yupo nyumbani, mimi na wadogo zangu watatu, jumla watu sita. Akaja kijana mmoja mpole sana ameongozana na mjumbe, wakatandikiwa mkeka barazani, akaeleza kwamba zaidi ya maswali ya kwenye dodoso tutaachiwa daftari, na kila kitu kitakachonunuliwa au kuliwa humo ndani kiandikwe kila siku kwa siku 28. Mama kusoma anasoma ila kuandika haraka hawezi, baba anatoka asubuhi anarudi magharibi, basi kalamu nikapewa mimi. Nilifurahi sana jamani. Nilijiona nimeajiriwa.

Sasa inabidi niwaeleze hela za kwetu zilivyokuwa zinakwenda, bila hivyo hamtanielewa. Baba alikuwa anaacha elfu tano ya matumizi kila asubuhi, anaiweka juu ya redio. Mama alikuwa anapika maandazi. Baba alijua kwamba anapika, lakini alichojua yeye ni kilo moja ya ngano, hela ya sabuni na vocha. Ukweli ni kwamba mama alikuwa anaamka saa tisa usiku anaenda kwa mama mdogo nyumba ya tatu, wanakanda kilo tano, wanapeleka kwenye magenge mawili na shuleni. Faida ikipatikana kama elfu nne hivi, elfu moja inaenda kwenye mchezo wa kuchangiana hela na kinamama wenzake, elfu tatu inaingia kwenye chungu chetu. Sisi watoto tulijua, baba hajui, na wala hatukuwahi kuambiwa tusiseme, tulijua tu.

Siku ya tatu nakumbuka mpaka leo nilivyoandika. Sembe kilo moja na nusu 1,650, dagaa mafungu mawili 1,000, nazi mbili 800, maziwa nusu lita 600, mkaa kopo moja 800, sukari nusu kilo 1,000, mpaka ndoo tano za maji kwa hamsini hamsini nikaandika 250, na vingine ambavyo sivitaji hapa. Nilikuwa natembea nyuma ya mama soko la Mgandini na kikaratasi, akinunua tu namuuliza bei gani, wauza nyanya wananicheka. Jioni nikajumlisha nikapiga mstari na rula. 8,200.

Daftari lilikuwa linakaa juu ya kabati. Baba ana tabia ya kusoma kila karatasi inayoingia ndani, hata gazeti lililofungiwa maandazi atalikunjua asome. Jumamosi usiku akalichukua, akavaa miwani, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine polepole, alafu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mi naacha elfu tano. Hii elfu nane na mia mbili imetoka wapi?"

Hakunitazama mimi, alimtazama mama. Mama alikuwa anachambua mchele na mkono haukusimama. Akajibu, "Nimekopa dukani." Baba akauliza deni hilo atalilipa nani, mama akasema litalipwa, na hapo kimya. Hakuna aliyegomba. Lakini mimi niliyepiga ule mstari kwa rula nilitamani lile daftari liungue.

Usiku huohuo mama akaniita jikoni. Hakunikaripia wala nini, alisema hivi, na maneno haya sijayasahau: "Mwanangu, hilo daftari liwe linaishia kwenye hela ya baba yako."

Basi. Kuanzia wiki ya pili nyumba yetu ikawa inatumia 4,800, 5,000, 4,950. Maziwa nikayafuta. Nazi mbili zikawa moja. Dagaa wakabaki fungu moja. Kula tulikuwa tunakula vilevile, tena wiki hiyo mama alinunua kibua wakubwa wazuri, sikuandika hata mkia. Yule kijana wa takwimu alikuwa anapita kila baada ya siku mbili tatu kukagua, akapitisha kidole kwenye safu ya maziwa akauliza, "Wiki iliyopita mlikuwa mnakunywa, mmeacha?" Nikasema ndio tumeacha.

Siku nyingine akaja na lile dodoso kubwa. Barazani pale yupo baba (ilikuwa Jumapili), yupo mjumbe, na jirani mmoja kaja kuazima pampu ya baiskeli akakaa. Akamuuliza mama, "Mama una shughuli yoyote inayokuingizia kipato?" Mama akasema, "Mi mama wa nyumbani tu." Alikuwa na unga mkavu wa ngano kwenye kiwiko, nauona mpaka sasa hivi naandika, doa jeupe kama sarafu. Yule kijana aliuona. Macho yake yalishuka pale kwenye kiwiko, yakarudi kwenye karatasi, akaandika mama wa nyumbani, akaendelea na swali la paa limeezekwa kwa nini.

Simlaumu hata kidogo. Angefanyaje? Angesema mama mbona una unga, mbele ya baba? Nyumba vyumba viwili na baraza, angemtoa akamuulizie wapi? Aliheshimu, na karatasi ikaenda Dar ikiwa na uongo wenye heshima.

Kwa hiyo miaka yote hii mimi jibu langu lilikuwa moja, mwanamke akificha kwenye dodoso ana haki. Serikali inakuahidi siri isitoke kwenda kwa mtu wa nje, wakati mama yangu mtu wa nje hamuogopi, anamuogopa anayelala naye kitanda kimoja, na hiyo siri hakuna kiapo kinachoilinda. Wanasema kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, sawa, ila kula chungu kimoja haina maana pochi ni moja. Sehemu nyingi ukimuuliza mkuu wa kaya kuhusu kaya unapata anachokijua mkuu wa kaya, na yeye ndio wa mwisho kujua.

Na nilikaa chini kuandika hayohayo, niishie hapo. Lakini nimeingia kwenye hesabu na hesabu imenivuruga.

Ule utafiti wa kwetu ulipotoka, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) walisema mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ni shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa mwezi, na waliokuwa chini yake Tanzania Bara ni asilimia 28.2. Sasa chukua daftari langu la uongo. Elfu tano mara siku 30 ni laki na nusu, gawa kwa watu sita, 25,000. Daftari la ukweli weka elfu nane tu, ni 240,000, gawa kwa sita, 40,000. Hii ni hesabu yangu ya kienyeji, najua wenyewe mtoto hawamhesabu sawa na mtu mzima na kuna vitu vingine wanajumlisha, lakini hata ukimpunguza mtoto kwa vipimo vyao lile daftari la uongo bado linatuweka chini ya mstari na la ukweli linatuweka juu. Yaani maziwa na nazi na dagaa niliofuta kwa raba ndio tofauti ya kuwa maskini na kutokuwa maskini. Na kaya elfu kumi ndio zinawakilisha nchi nzima, kwa hiyo kaya moja iliyochaguliwa inabeba mamia ya kaya zingine mgongoni. Sikuifuta nyumba yetu peke yake.

Lakini hilo la umaskini sio lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni lile neno mama wa nyumbani. Mwanamke anaamka saa tisa usiku, anakanda kilo tano kwa mikono, analisha watoto sita kwa maana ya sisi na wawili wa mama mdogo, na kwenye kumbukumbu za nchi hafanyi kitu. Mimi ndio nilikuwa na kalamu.

Na dawa ya hili ipo, watu walishaijaribu hapahapa kwetu. Mwaka 2007 na 2008 kuna jaribio lilifanyika Tanzania, kaya kama elfu nne zikagawanywa makundi manane, kila kundi linaulizwa matumizi kwa njia yake, wengine kukumbuka ya wiki, wengine daftari moja la nyumba nzima, wengine kila mtu mzima na daftari lake na mtu wa kumfuatilia kwa karibu. Makundi yanafanana na nchi ni ileile lakini majibu yakaja tofauti, na daftari la kila mtu na lake lilikusanya matumizi mengi kuliko lile la nyumba nzima. Mi niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Sisemi wote walikuwa wanaficha, wengine hawajui tu mwenzake kala nini huko njiani, lakini kwetu sisi mama angekuwa na daftari lake, akalihifadhi kwa mama mdogo kwenye pipa la ngano, asingenihitaji mimi.

Najua ni gharama. Daftari la kila mtu linataka wadadisi wengi, nauli nyingi, muda mwingi, na sio rahisi. Na mjumbe pia namtetea, mtu mgeni akiingia mtaani peke yake anauliza una redio ngapi anaweza kupigiwa kelele za mwizi, lazima mjumbe amlete. Ila amlete, asalimie, aondoke. Hapo sioni gharama yoyote.

Sensa ya 2022 ilinikuta Mbagala, na mimi sasa ndio mkuu wa kaya. Karani alikuja na kishikwambi safi kabisa, mimi nipo kazini, mke wangu akajibu peke yake kuhusu waliolala ndani usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti na mengine yote. Niliporudi akaniambia wamekuja wa sensa nimemaliza. Nikataka kumuuliza amejibu nini, mdomo ukafunguka kabisa, nikaufunga. Sijauliza mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu kwenu, ambalo sio nililokuja nalo: ndio, nitamwambia ukweli wote, na nitaomba mke wangu aulizwe wa kwake mimi nikiwa nimetoka, hata kama ni kwenda dukani kununua kiberiti nirudi baada ya saa moja. Akiniambia haiwezekani lazima tukae wote wawili, basi yangu nitasema yote, ya mke wangu sitamsemea na sitamlazimisha. Hapo mtaniambia nimejibu nusu, sawa, na mwanamke ambaye akijulikana ana hela atapigwa au atanyang'anywa mi siwezi kumwambia aseme, takwimu iharibike tu.

Jana nimempigia mama kabla sijatuma hii, kumuomba ruhusa. Baba alishajua siku nyingi, mwaka 2015 mama alipotoa hela ya bati za chumba cha tatu ikabidi aseme zimetoka wapi, wakanuniana wiki mbili yakaisha. Maandazi bado anapika. Nikamuuliza, mama, wakija tena wale na daftari lao, safari hii utasema?

Akasema, "Nitasema. Waje saa nne, baba yako anakuwa kashatoka."

Nikamwambia mama, si anajua sasa. Akasema, "Anajua. Waje saa nne."