Jibu: Gumegume halijazwi kwa sekunde 4

Mkuu, umeuliza kama kweli askari wa karne ya 18 aliweza kujaza bunduki kwa sekunde 4 kama gemu zinavyoonyesha. Hapana. Kwa gumegume (bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe) la Waingereza lililoitwa Brown Bess, askari aliyefunzwa vizuri alifyatua kama mara 3 kwa dakika, yaani sekunde 20 hivi kila risasi.

Na sekunde hizo zilijaa kazi. Anang'ata kifuko cha karatasi chenye baruti na risasi, anamimina baruti kidogo kwenye kisahani cha pembeni na kukifunika, anasimamisha bunduki, anamwaga baruti iliyobaki mtutuni, kisha risasi pamoja na karatasi yake. Anachomoa mdeki (ufito wa kushindilia), anashindilia, anaurudisha mahali pake. Gemu nyingi hukiruka kile kisahani, na hilo linaniudhi sana, maana bila baruti ile cheche za jiwe haziwashi chochote! Aliyewahi kumtazama mzee akishindilia gobore kijijini ataona kasoro hizi mara moja, ingawa magobore mengi hutumia fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa) badala ya jiwe.

Kuna gemu iliyokosea kwa kubana kupita kiasi. Call of Duty ya 2003 haikuruhusu kujaza M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, mpaka risasi zote 8 ziishe. Bunduki halisi inaruhusu: unavuta komeo nyuma, unabonyeza kitufe cha upande wa kushoto, kibanio kinachoshikilia risasi kinaruka nje na zile zilizobaki.