Masi na nishati: hesabu mbili, usizichanganye

Ukianza kusoma kemia utaambiwa masi (kiasi cha maada, kile tunachokipima kwa mizani) haipotei na nishati haipotei, nawe utaona ni mambo mepesi ya kuruka. Nakusihi usiyaruke. Katika kuwafundisha wanaoanza nimeona wengi wakikwama palepale: wanaifanya masi ilipie joto. Karatasi imeungua, joto limetoka, basi majivu ni mepesi kwa sababu hiyo. Inaingia akilini kirahisi, na inaharibu karibu kila kitu kinachofuata.

Choma utepe wa magnesiamu uone. Mwanga unatoka mkali kiasi kwamba hupaswi kuutazama moja kwa moja, joto ni jingi, lakini unga mweupe unaobaki ni mzito kuliko utepe. Gramu 48 za magnesiamu hushika gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 80 za oksidi, yaani ule unga mweupe. Karatasi nayo haikulipia joto. Kaboni dioksidi na mvuke wa maji vimeondoka hewani. Antoine Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alifunga vyombo vyake ndipo akapima. Nawe kabla ya kuandika "masi imepungua", uliza kwanza: chombo kilikuwa wazi au kimefungwa?

Jaribio ambalo ningetaka kila mgeni alifanye kwa mikono yake ni la siki na sodiamu baikaboneti (baking soda). Weka chupa wazi juu ya mizani, kipimajoto ndani. Povu linapanda, namba za mizani zinashuka, na halijoto inashuka pia. Gramu 4.2 za baikaboneti zikimenyuka zote hutengeneza gramu 2.2 za gesi, ingawa kiasi hubaki kimeyeyuka kwenye maji. Hapa masi ya chupa imepungua huku mmenyuko ukivuta joto, haulitoi. Yule anayeamini joto hulipiwa na masi hana pa kushika tena.

Usiizibe chupa hiyo kwa kizibo, gesi itaipasua. Wengi huvisha puto mdomoni, kisha wanashtuka mizani ikishuka hata hivyo. Hakuna kilichotoroka: puto linapovimba husukuma hewa pembeni, na hewa hulinyanyua kidogo. Ni jambo zuri sana la kujadili darasani, wala usilifiche kwenye ripoti.

Kuna atakayekuuliza kuhusu Einstein, aliyeonyesha kuwa masi na nishati zinalingana: je, joto likitoka, masi haipungui? Ni swali halali. Gramu 16 za methani zikiungua hutoa takriban kilojuli 890, na masi inayolingana na nishati hiyo ni kama gramu 0.00000001. Mizani ya maabara haiwezi kuiona, ndiyo maana kwenye kemia tunahesabu masi kuwa haibadiliki.

Sasa, joto linatoka wapi? Utasikia kwamba limefungiwa ndani ya bondi, yaani viunganishi vinavyoshikanisha atomu, na hutoka bondi zikivunjika. Sivyo. Kuvunja bondi hula nishati, kila mara. Kuunda bondi ndiko kunakoitoa. Chukua hidrojeni na klorini: kuvunja bondi za moli 1 ya hidrojeni (moli ni kizio cha kuhesabia chembe) kunahitaji kilojuli 436, za moli 1 ya klorini 242, jumla 678. Kisha zinaundwa bondi mpya za moli 2 za kloridi ya hidrojeni, kila moli ikitoa 431, jumla 862. Ziada ya kilojuli 184 ndiyo joto linalotoka, nasi tunaiandika kwa alama hasi kwa kuwa mfumo umeipoteza kwa mazingira yake. Kwenye siki na baikaboneti hesabu inaegemea upande mwingine, basi alama inakuwa chanya.

Ukifika hapo, angalia mlinganyo uliousawazisha kabla ya kuandika jibu. Zile 184 ni za moli 2 za kloridi ya hidrojeni. Ukiulizwa moli 1, jibu ni 92, na alama yake hasi isiachwe.